Mkono wa msumeno wa chuma unaanguka wenyewe: nitengeneze silinda au ninunue nyingine?

Swali: Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo Pasua, Moshi, tunatengeneza mageti na madirisha. Msumeno wetu wa mkanda wa kukatia chuma, ule wa kulala, ulianza kushuka kwa kasi hata koki ya silinda ikiwa imefungwa. Fundi wa magari akafungua silinda, akaweka raba za breki pamoja na mafuta ya breki. Ulikaa sawa siku kama kumi. Sasa mkono umekuwa mzito kunyanyua, ukishuka unashuka kwa kushtuka, na mwezi huu mikanda miwili imeng'oka meno. Muuza vipuri ananiambia silinda hizi hazitengenezwi, ninunue nzima. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na linalokuuma mfukoni: usinunue silinda bado. Kwa jinsi ulivyoeleza, silinda yako ilikuwa na ugonjwa mdogo, ikapewa dawa ya ugonjwa mwingine. Nina imani inatengenezeka, na hata ikishindikana unaweza kuunga nyingine hapohapo Moshi. Lakini kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa hicho, maana nimeona mafundi wazuri kabisa wakikifungua bila kujua kinafanya nini, na hapo ndipo makosa yote yanapoanzia.

Silinda ya msumeno kama wako haisukumi chochote. Hakuna pampu inayoipelekea oili. Mkono unashuka kwa uzito wake wenyewe, silinda inauzuia usishuke upesi kuliko mkanda unavyoweza kula chuma. Ndani mna pistoni iliyozungukwa na oili juu na chini. Mkono ukishuka fimbo inaingia, pistoni inaikamua oili ya chini, na oili hiyo haina pa kupita isipokuwa kwenye tundu jembamba linalozibwa na sindano ya ile koki unayoizungusha kwa vidole. Ukinyanyua mkono, oili inarudi kwa njia nyingine iliyo pana, yenye gololi na springi laini. Gololi inainuka, oili inapita. Mkono ukianza kushuka, gololi inakalia kiti chake na kuziba. Kuna misumeno iliyofungwa kinyume, fimbo inatoka wakati mkono unashuka, lakini mwendo wa oili ni uleule.

Kwa hiyo wa kuwashuku ni wanne tu: sindano, gololi, raba ya pistoni na raba ya fimbo. Wa tano ni hewa, na huyo huja akialikwa na hao wanne.

Sasa angalia oili yenyewe ni ndogo kiasi gani. Chukua chuma cha mviringo cha milimita 100 unachokikata kwa dakika nane. Kwa kuwa silinda imefungwa karibu na bawaba ya mkono, tuseme fimbo inaingia milimita 50 tu wakati mkanda unapita hizo 100. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 32 ina eneo la sentimita za mraba 8 hivi. Zidisha: oili yote iliyopita kwenye koki ni mililita 40 kwa dakika nane, yaani mililita 5 kwa dakika. Kijiko kimoja cha chai! Trekta likivuja ndani kwa ndani kijiko kimoja kwa dakika, dereva hatajua mpaka msimu uishe. Kwako wewe mvujo huohuo unaongeza mwendo wa mkono maradufu, na mkanda ndio unaolipa. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo au chembe ya chuma kwenye kiti cha gololi inatosha kuharibu kazi yote.

Tuje kwenye raba za breki. Fundi aliyekusaidia hakukosa akili, alikosa habari moja. Raba za breki za gari hutengenezwa kwa mpira unaovumilia mafuta ya breki, ambayo kwa magari karibu yote ni ya glaikoli, si mafuta ya petroli. Mpira huo, EPDM, ukikutana na oili ya madini unainywa na kuvimba kama maharage yaliyolowekwa. Raba za kawaida za haidroliki ni mpira wa naitraili, unaoandikwa NBR. Huo unakaa na oili ya madini miaka mingi, lakini mafuta ya breki huulegeza. Kwa hiyo makundi haya mawili hayachanganyiki: raba ya breki haitaki oili ya haidroliki, na raba ya haidroliki haitaki mafuta ya breki. Ndani ya silinda yako sasa kuna mabaki ya oili ya zamani, kuna mafuta ya breki, na huenda raba moja ya zamani ilibaki ndani pamoja na zile mpya. Chochote ulichonacho humo, kuna kitu kinakiumiza. Mkono umekuwa mzito kwa sababu raba imevimba na kukaba ukuta wa silinda. Unashtuka kwa sababu raba inakwama, inaachia, inakwama tena. Siku kumi ni muda wa kutosha kabisa kwa raba kuvimba kiasi hicho.

Ukienda dukani ukaambiwa raba zote ni sawa, usibishane na mtu. Nunua mbili za namna moja, pima unene wa moja kwa vernia, itumbukize kwenye chupa yenye oili utakayotumia, iache siku tatu. Itoe, ipanguse, ipime tena. Ikiwa imenenepa au imekuwa laini ukiibonyeza kwa kucha, si yako. Mimi hufanya hivi mpaka leo kwa raba yoyote isiyo na maandishi, na kichupa changu cha majaribio kiko dirishani kimejaa raba zilizofeli.

Kabla ya kufungua, ipime ikiwa bado kwenye mashine. Nyanyua mkono hadi katikati, funga koki bila kuikaza kwa nguvu, uachie taratibu, kisha chora alama ya chaki kwenye fimbo inapoingilia. Ikiwa mkono unadondoka sentimita moja au mbili halafu unasimama kabisa, hiyo ni hewa: hewa inabonyea, oili haibonyei. Ikiwa unateremka polepole bila kusimama, kuna njia iliyo wazi: sindano, gololi au raba ya pistoni. Ukiona fimbo imelowa na vumbi la chuma limeganda shingoni, raba ya fimbo imekwisha. Na kama silinda yako ina koki ya nje iliyounganishwa kwa bomba, unaweza kutenganisha zaidi. Toa bomba la upande wa chini, ziba tundu lile kwa bolti na washa ya shaba, urudie jaribio. Mkono ukiendelea kuzama, pistoni ndiyo inayovuja. Ukisimama, tatizo liko kwenye koki au gololi, na pengine huhitaji hata kuifumua silinda.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usichomoe pini ya silinda wala usilegeze bomba lolote mkono ukiwa juu bila kuuegemeza. Chomoa waya wa umeme ukutani, weka gogo imara au stendi ya gari chini ya mkono, uutikise uhakikishe umekalia gogo, ndipo uguse spana. Springi ya kusawazisha, ile inayosaidia kubeba uzito wa mkono, nayo ifunguliwe ikiwa imelegezwa. Miaka ile naanza kazi mtaa wa Unga Limited, Arusha, mwenzangu alichomoa pini akiwa anaongea na mteja. Mkono ulishuka kama panga, akapoteza ncha za vidole viwili. Silinda ndogo inayoshikika kwa mkono mmoja ilikuwa imebeba uzito ambao hakuwahi kuufikiria.

Ukishaitoa, isimamishe kwenye jiliwa kwa kuishika masikio yake ya chini, usiibane tumboni maana bomba lake ni jembamba na litakuwa yai. Mwaga kila kitu. Kwa kuwa yaliwekwa mafuta ya breki, osha kwanza kwa maji ya sabuni, kwani mafuta hayo huyeyuka kwenye maji, kisha suuza, kausha kwa upepo wa kompresa, ndipo usafishe kwa mafuta ya taa. Ukiosha kwa mafuta ya taa pekee utaacha utando unaoteleza ambao utakuja kula raba mpya. Na raba zote ulizozikuta ndani zitupe, hata ile inayoonekana nzima.

Pitisha ukucha kwenye fimbo kutoka juu hadi chini, ukizunguka pande zote. Ukucha ukikwama mahali, raba mpya itachanwa mahali hapohapo. Kutu ya vitone unaweza kuilainisha kwa msasa namba 600 wenye oili, lakini kama kromu imebanduka, fimbo ibadilishwe. Usiende mbali: fimbo ya shokapu kuukuu ya gari ni chuma kizuri chenye kromu ngumu. Tafuta yenye unene uleule, fundi wa lethi akukatie na kukuchongea nyuzi za kufungia pistoni. Ndani ya silinda, mulika tochi. Mikwaruzo mepesi inatoka kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kijiti na kusuguliwa kwa mzunguko. Mifereji inayoshikika kwa kidole haitoki, na hiyo pamoja na bomba lililobonyea ndizo sababu mbili tu ambazo mimi hukubali kwamba silinda imekufa.

Oringi, yaani raba za pete, pimia kwenye mfereji wake, si kwenye raba ya zamani iliyokwisha bapa, na kwako hasa si kwenye ile ya breki iliyovimba. Pima kina cha mfereji na uwazi hadi ukuta wa silinda. Raba ya unene wa milimita 3.5 inatakiwa ibonyezwe kama milimita 0.4 hadi 0.5. Ukizidisha itakaba, ukipunguza itavuja. Ukiona vipimo vinakujia 2.62 au 3.53, usidhani vernia inadanganya, ni saizi za inchi. Ukiingiza, funika nyuzi za fimbo kwa tepu, paka raba oili, isukume kwa vidole. Bisibisi iache mezani.

Sindano ya koki ichunguze kwenye mwanga. Mara nyingi utaona pete imejichonga kwenye ncha yake, na pete hiyo hutokana na sisi wenyewe kukaza koki kwa koleo ili mkono usishuke. Fundi wa lethi anaichonga upya kwa muda mfupi, ila mwambie ncha iwe ndefu na nyembamba kama penseli iliyochongwa vizuri, maana ncha butu inatoka kwenye kufunga kabisa hadi kwenye kufungua kabisa kwa robo mzunguko, nawe unatafuta kijiko cha chai kwa dakika. Gololi, kama ina madoa, badilisha kwa nyingine ya kipenyo kilekile kutoka kwenye beringi. Kiti chake ukifufue hivi: kalisha gololi kuukuu, weka juu yake kijiti cha shaba, gonga mara moja tu kwa nyundo ndogo. Mara moja. Gololi hiyo itupe, weka mpya. Pete nyembamba inayong'aa itabaki kwenye kiti na hapo ndipo gololi mpya itakapokaa.

Oili tumia ya haidroliki namba 32. Oili ya giaboksi ya otomatiki nayo inafanya kazi vizuri na raba za naitraili ukikosa hiyo. Oili ya injini siipendi, ni nzito. Huku kwetu Arusha, Juni na Julai, asubuhi unaingia karakana unapuliza mikono, na msumeno wenye oili nzito hautaki kushuka kabisa. Fundi anafungua koki, saa saba jua likipanda oili inakuwa nyepesi, koki ipo vilevile, mkanda unakatika. Moshi iko chini yetu kwa mita kama 500 na joto lenu ni la kudumu zaidi, lakini hata huko weka desturi ya kuigusa koki upya mchana.

Kujaza kuna siri yake, na wengi hukosea hapa baada ya kufanya mengine yote sawa. Fimbo inachukua nafasi ndani ya silinda. Ikiingia, oili inayotoka chini ni nyingi kuliko nafasi iliyopatikana juu ya pistoni, ndiyo maana kuna kitangi kidogo au nafasi ya hewa iliyoachwa makusudi. Ukijaza pomoni fimbo ikiwa nje, mkono utagoma kumalizia chini, au oili itatafuta njia kupitia raba ya fimbo uliyoiweka leo. Jaza wakati fimbo imeingia yote, uache nafasi kidogo juu. Kisha silinda ikiwa wima na koki imefunguliwa, vuta na sukuma fimbo taratibu, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka usione mapovu. Usifanye kwa pupa, oili itageuka povu la sabuni. Mimi huiacha isimame usiku kucha na asubuhi naongeza kilichopungua.

Sasa, ikitokea umekuta silinda ina mifereji kweli, njia ya pili ni kuunga nyingine. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, inyanyue ncha ya mkono springi ikiwa imefunguliwa. Pima bila springi kwa sababu springi hukatika, na siku hiyo silinda itabeba yote peke yake. Tuseme ncha iko sentimita 90 kutoka kwenye bawaba na mizani inasoma kilo 30, na silinda inafungwa sentimita 22.5 kutoka kwenye bawaba. Mara nne karibu zaidi, uzito mara nne zaidi: kilo 120. Kwa pistoni ya milimita 32 hiyo ni shinikizo la baa 15 hivi. Kwa pistoni ya milimita 50 ni baa 6 tu.

Nakupa hesabu hiyo kwa sababu ya silinda za upepo, zile za kwenye mashine za kufungashia. Zinapatikana mitumba kwa bei nzuri, na raba zake kwa kawaida zinakubali oili, lakini nyingi zimeandikwa mwisho baa 10. Yenye pistoni ya 32 usiifunge hapo. Ya 50 inatosha, na tena ina faida ya pili: inapitisha oili zaidi kwa mwendo uleule, mililita 12 kwa dakika badala ya 5, hivyo koki inashikika kwa urahisi. Weka koki yenye sindano nyembamba pamoja na valvu ya njia moja, upande ambao oili inakamuliwa mkono unaposhuka. Koki kubwa za trekta hazifai, hazioni oili ndogo kiasi hiki. Kitangi kikae juu kuliko silinda. Fundi wa kukuchongea masikio na viungo hutamkosa, mkoa wenu una SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kule Hai kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa ajili ya mashine za karakana hasa. Usitumie shokapu nzima badala ya silinda kama nilivyoona baadhi wakifanya. Inazuia kiasi kimoja tu, huwezi kuirekebisha kati ya kukata nondo na kukata bomba jembamba.

Na hapo nimefika kwenye meno yako. Mkanda unatakiwa uwe na meno yasiyopungua matatu ndani ya chuma wakati wote. Mkanda wa meno 14 kwa inchi una nafasi ya milimita 1.8 kati ya jino na jino, na ukuta wa bomba la mraba la mageti ni milimita moja na nusu au mbili. Jino moja linaning'inia kwenye ukuta huo peke yake. Kitu pekee kinacholiokoa ni silinda kushuka polepole, hasa mkanda unapoanza kugusa na unapomalizia. Kwa hiyo hata silinda ikipona, tafuta mkanda wa meno 18 au 24 kwa mabomba hayo, na chuma cha pembe kilaze mgongo ukiwa juu ili mkanda usikutane na bapa lote kwa mara moja.

Ukishafunga kila kitu, rudia lile jaribio la chaki kwa dakika kumi. Fimbo ikibaki kwenye alama, washa mashine, funga koki, kisha ifungue kidogokidogo mpaka mkanda uanze kula, na uangalie takataka zinazodondoka. Unga mkavu maana yake unasugua tu, ongeza kidogo. Vipande vya buluu vyenye moto, funga kidogo. Vikijikunja kama nywele na kubaki na rangi yake, hapo weka alama ya rangi kwenye koki, na mwambie kila anayeushika msumeno kwamba koki ile hufungwa kwa vidole viwili.